Chumba Kisichorudisha Sauti

Siku tulipomzika Baba, ndugu yangu mkubwa alishika maikrofoni akasema mzee huyu alikuwa akimchapa mpaka damu. Baba wadogo wakamrukia. Walimpiga kwa viti vya plastiki, wakampasua nyusi, wakamfukuza bomani kama mbwa mwizi. Mwongo, walisema, na hata mimi sikumwamini. Mzee wa kanisa, jamani!

Sauti ya Baba ilibaki kwenye kanda moja tu, ibada ya kufungua Sabato nyumbani kwetu. Kila nikiicheza kwangu Migori, mabati na sakafu ya saruji vilirusharusha sauti hadi kichwa kikauma. Nikabandika trei za mayai ukutani, vile kila mtu husema. Upuuzi mtupu! Zilikula mlio mwembamba tu, ngurumo ikabaki palepale. Nikazing'oa kwa hasira, rangi ikatoka nazo.

Nikamwita yule ndugu yangu mkubwa kutoka kisiwa cha Takawiri, fundi wa kuunda maboti. Alikuja, damu nzito kuliko maji. Akatengeneza fremu nene za mbao, tukazishindilia nguo kuukuu za mitumba, tukazifunika kwa gunia. Kwenye pembe tulizipanga hadi juu. Kisha nikazunguka nikipiga makofi, kwa sababu kofi ndilo huonyesha mahali sauti inaporudi. Kila nikipiga, yeye aliinua kiwiko kuficha uso.

"Omera, ndugu yangu, ni mikono tu," nikamcheka.

Nikaweka kanda.

Wah! Baba alisikika kama ameketi nasi. Wimbo ukaanza, sisi watoto tukaimba. "Ongezeni sauti!" akaamuru. Miaka yote nilidhani hiyo ni bidii ya kumsifu Mungu. Lakini sasa kuta hazikurudisha kitu, na chini ya wimbo nikasikia fimbo. Ikatua. Ikatua tena. Ndugu yangu, bado mtoto wakati huo, alikuwa akilia huku mdomo umezibwa.

Damu ilinichemka. Nikanyakua nyundo yake niipasue hiyo mashine ya kanda vipande vipande. Akanidaka mkono, akaupinda mpaka nyundo ikaanguka.

"Ukivunja, nitabaki mwongo," akasema, akihema. "Wacha iimbe. Baba wadogo waje wasikie wote."

Basi tukakaa. Fimbo iliendelea, na juu yake sauti moja ya mtoto ilipaa kuliko zote, safi, imejaa furaha. Ilikuwa yangu.