Aliyemfunga Mumewe Utepe Mweusi

Mpwa wangu alikuwa muuguzi wa chumba cha dharura, na sokoni walimwita Utepe. Jina alilipata kwa mafunzo. Wageni walikuja na mabegi ya magurudumu, wakamfundisha yeye na wenzake namna ya kupokea majeruhi wengi kwa mkupuo, wakapiga picha, wakaondoka. Wenzake walitundika vyeti ukutani. Yeye alishuka sokoni kuwafundisha wachukuzi, wauza mkaa na madereva wa pikipiki, maana hospitali ilikuwa na daktari mmoja wa upasuaji na meza moja, na gari la wagonjwa lilikalia matofali tangu matairi yake yaibwe.

Somo lilikuwa la tepe nne. Kijani kwa anayetembea. Njano kwa anayeweza kusubiri. Nyekundu kwa anayekufa lakini anaweza kuokolewa. Huyo hubebwa kwanza. Nyeusi kwa aliyekufa, au ambaye hakuna la kumfanyia, huyo huachwa.

“Ukija kubeba, usimtazame mtu usoni,” aliwaambia wachukuzi. “Tazama utepe.”

Sisi zamani tulitazama uso. Mtu akiumia, mlango uling'olewa ukawa machela na mtaa mzima ukabeba. Tulikosea mengi, na wengine tuliwaua njiani kwa kuwatikisa, lakini hakuna aliyeachwa chini peke yake. Siku hizi mkono wa kwanza kuinuka ni wenye simu.

Kwenye mazoezi, watu wa sokoni walilala chini wakajifanya majeruhi. Hodari wao alikuwa mama mkwe wake, muuza mkaa, aliyejua kupiga mayowe mpaka wapita njia wakampa pole za kweli. Kilichomuudhi ni kwamba wenye nyekundu walibebwa hadi kivulini wakapewa soda, na wenye nyeusi wakabaki juani.

“Leo tena nimekufa, mkwe?”

“Umekufa, mama. Nyamaza.”

“Na soda?”

“Maiti anakunywa soda wapi?”

“Mwoneni! Siku tunakuoa hukuwa na mdomo huu!”

Watu wakaangua kicheko. Mpwa wangu naye akacheka. “Haya, badilishana na jirani yako. Ni mazoezi tu.”

Ikawa mazoea. Aliyechoshwa na jua alifungua nyeusi yake akabadilishana na mwenzake, na hakuna aliyekemewa.

Kisha jengo jipya la soko likaporomoka mchana kweupe, mafundi wakiwa juu yake. Mkandarasi aliyebania saruji aliuhama mji vumbi likiwa bado hewani.

Mpwa wangu alifika na mfuko wake wa tepe. Wanafunzi wake walikwisha kujipanga, kila mmoja mahali pake. Akaanza kupita kwa majeruhi. Akamkuta mchukuzi wa magunia amezirai, paja limepasuka, damu inaruka. Akamkaza kitambaa, akamfunga nyekundu. Kando yake alilala fundi mwashi, uso umejaa vumbi. Akamfuta. Alikuwa mumewe.

Fuvu lilikuwa limebonyea kwa nyuma. Bado alikoroma, kwa vipindi virefu. Mpwa wangu akamfunua kope, akatazama mboni, akatazama tena. Akatoa nyeusi, akafunga.

Mama mkwe alikuwa amesimama palepale.

“Mkwe, umekosea rangi.”

“Sikukosea, mama.”

“Huyu ni mumeo!”

“Namjua.”

Akaenda kwa anayefuata bila kugeuka. Nyuma yake mama mkwe akapiga magoti, akafungua tepe mbili, akazibadilisha.

Wabebaji walikuja mbio. Walitazama utepe, kama walivyofundishwa. Wakamwinua mwashi. Yule mchukuzi, mwenzao waliyebeba naye magunia kila siku, wakamruka.

Mwashi alikata roho mezani, daktari akiwa bado na glavu. Mpwa wangu alipofika hospitali na kumkuta pale akaelewa kilichotokea, akakimbia kurudi sokoni. Mchukuzi alikuwa amelala na nyeusi mkononi. Kitambaa kilikuwa kimelegea, na hakukuwa na damu ya kutoka tena.

Matangani mama mkwe hakuficha kitu. “Nilimpigania mwanangu,” aliwaambia waombolezaji. “Nilimpa nyekundu. Huyu mkewe alimtupa kama ganda.”

Mke wa mchukuzi alikuwapo, naye amevaa vya msiba, amemshika mkono mama mkwe. Mpwa wangu akamwambia mbele ya wote: “Nyekundu hiyo ilikuwa ya mumeo, dada. Angepona.”

Nilidhani sasa mkono ule utaachiwa.

“Ningekuwapo, mwanangu akiwa chini, ningefanya vilevile,” akasema yule mjane. “Lakini wewe! Mwanamke wa namna gani anamwacha mumewe mavumbini?” Akamtemea mate.

Mashemeji wakamfukuza nyumbani, nguo zake ndani ya gunia la mkaa. Hospitali ikamhamishia stoo ya mashuka ili kelele zipoe. Darasa la sokoni likafa. Ukiumia mjini kwetu leo, utabebwa kama una mtu wa kupiga kelele zaidi ya wengine.