Bibi Mdogo Alipoingia Kumwosha Dada Yake

Bibi alikufa asubuhi nikiwa nakoroga uji. Sikulia. Nilizima jiko, nikafunika sufuria, nikakaa. Watu walipoanza kujaa nyumbani kwetu Kasingirima nilikuwa bado nafikiria ule uji ataunywa nani.

Kabla hajazidiwa, Bibi alisema mbele yetu sote, "Nikifa, anioshe mdogo wangu." Shangazi, bintiye, akamjibu, "Mama, acha maneno ya kufa." Hakumkubalia.

Mdogo wake huyo mimi namwita Bibi Mdogo. Alikuwa profesa wa anatomia, yaani aliwafundisha wanafunzi wa udaktari mwili wa binadamu kwa kutumia maiti. Aliondoka Ujiji akiwa msichana wa umri wangu, kwa treni, na Bibi, ambaye alikuwa ameshaacha shule, ndiye aliyeuza mawese ili nauli ipatikane. Akasoma, akafundisha chuoni Dar mpaka mvi, akastaafu, akajenga Buzebazeba. Hakuolewa. Mtaani walimwita profesa wa maiti, wengine kwa utani, wengine sio. Kuna mama mmoja sokoni alikuwa hataki kupokea hela mkononi mwake. Anamwambia weka hapo juu ya meza. Bibi Mdogo anaweka.

Mimi ni mtu wa kukaa kimya, na yeye pia, kwa hiyo nilipenda kwenda kwake. Alinishika bega akaniuliza mfupa huu unaitwaje. Aliniambia kwamba siku ya kwanza wanafunzi wake walisimama kimya mbele ya maiti, halafu aliwafundisha kufunua ile sehemu wanayoifanyia kazi tu, kwingine kubaki kumefunikwa. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima, alisema. Nikamuuliza kama alikuwa anaogopa.

"Nilikuwa naogopa wanafunzi wanaocheka."

Siku ya msiba Shangazi alimzuia mlangoni pa chumba cha kuoshea.

"Mama mdogo, kaa na watu. Humu wapo wenye kazi yao."

"Dada alisema."

"Alisema akiwa mgonjwa."

"Mgonjwa wa ini. Akili ilikuwa nzima."

"Mikono yako imekata watu, mama mdogo! Nisamehe, lakini imekata. Na huyu ni mama yangu."

Waliokuwa wanamenya vitunguu wakageuka kutazama. Bibi Mdogo akabaki pale pale mlangoni. Mwoshaji wa mtaa, bibi mmoja mnene anayetembea kwa fimbo, akatoa kichwa nje ya pazia.

"Mnagombana huku maiti anasubiri? Kama ni kukata, mimi nimekata vitovu vya nusu ya mtaa huu na wali wangu mnakula. Aingie, ni dada yake. Na wewe mtoto, leta maji."

Mtoto ni mimi. Nilikuwa kidato cha pili.

Bibi alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kuoshea, amefunikwa shuka jeupe. Mwoshaji akatukumbusha taratibu: shuka haliondoki, mkono unapita chini yake, macho yanabaki juu. Bibi Mdogo akaitikia. Walianza vizuri. Mimi namimina, wao wanaosha, kichwa, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto. Walipofika tumboni Bibi Mdogo alishika pindo la shuka akalikunja, mara moja, tena mara nyingine, taratibu sana, mpaka mapajani. Tumbo la Bibi likabaki wazi, limejaa, na chini ya tumbo pia. Sikuwahi kumwona Bibi hivyo. Nilitazama ndoo.

"Funika, mama!" mwoshaji akasema.

Akafunika. Akabaki amelishika lile pindo.

"Haya, yamepita," mwoshaji akasema. "Ni mkono tu umezoea. Endelea."

Lakini Bibi Mdogo alikuwa ameshavua glavu. "Malizieni nyie. Sikumwona dada hapa. Nilikuwa kazini." Akatoka.

Mwoshaji akanigeukia. "Wewe ni damu yake. Vaa glavu."

Nikaosha miguu ya Bibi. Nilidhani nitakumbuka kitu, labda jinsi alivyokuwa ananibeba, au sauti yake. Sikukumbuka chochote. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yalinukia majani ya mkunazi, basi.

Nilipotoka, Bibi Mdogo alikuwa mkekani, mgongo ukutani.

"Mmemaliza?"

"Ndiyo."

"Goti lake la kushoto, lile bovu, lilinyooka?"

"Lilinyooka."

Shangazi alikuwa karibu, akatusikia. Ile "funika" naye aliisikia, maana pazia lenyewe lilikuwa kanga tu. Nilingoja aseme. Akaenda kwa waliokuwa wanamenya vitunguu.

Baada ya mazishi alikuja mama muuza dagaa wa Kibirizi, rafiki wa Bibi, ambaye siku tulipozika alikuwa safarini. Alilia, akapangusa uso, akapokea chai.

"Na nani alimwosha? Maana mwenyewe aliniambia anamtaka mdogo wake."

Nilikuwa nimesimama na birika. Bibi Mdogo alikuwa pale pale, kila mtu anamwona.

"Ndiye aliyemwosha," Shangazi akasema.

Bibi Mdogo akafungua mdomo.

"Mama mdogo, kunywa chai, inapoa."

Bibi Mdogo akamtazama Shangazi, akainua kikombe. Mgeni akasema afadhali, dada ni dada, akaanza kutueleza jinsi ziwa lilivyochafuka, boti hazitoki, dagaa wamepanda bei. Shangazi akaitikia. Mimi nikawaongezea chai.