Ndoo ya Mama Kulwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa hata nafasi ya kukaa. Nilikuwa nimeripoti Kapalamsenga kuwa mtendaji wa kijiji, sketi imenyooka kwa pasi, na mwenyekiti wa pale, mvuvi mzee asiye na haraka, akanipokea mlangoni mwa ofisi. Nyie vijana huwa mnawachanganya hawa wawili: mwenyekiti anachaguliwa na wanakijiji, mtendaji anaajiriwa na kuletwa, hata kama hakuna aliyemwomba. Mzee yule alinitazama akasema, "Mama, kabla hujaja tulikuwa tunaishi. Umekuja kutufanyia nini?"

Swali hilo nilimpelekea Afisa Tarafa, bosi wangu wa kwanza, mtu mpole aliyezunguka vijiji vyake kwa pikipiki mbovu. Nilitegemea anipe kifungu cha sheria. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ukipata jibu niambie na mimi," akasema. "Kwa sasa fungua ofisi kila siku ya kazi. Mtu akija, msikilize mpaka amalize."

Nilidhani ananikwepa. Miaka ikapita, nikahamishiwa kijiji kimoja upande wa Mpimbwe, si mbali na Kasansa, kwenye mpunga na ng'ombe. Huko Wapimbwe wenyeji na Wasukuma waliohamia na mifugo yao walikuwa na sungusungu, yaani ulinzi wa jadi, chini ya kiongozi waliyemwita mtemi. Ng'ombe wakiibwa unapigwa mwano, ule ukelele wa hatari, na kila mwanamume anatoka na fimbo yake. Mara nyingi ng'ombe walirudi kabla taarifa haijafika kituo cha polisi. Daraja la miti walijenga wenyewe, wafu waliwazika wenyewe, mimi nilikuwa wa kugonga muhuri. Niliwapenda watu wale na kuwaheshimu sana.

Lakini walikuwa na adhabu moja iliyoninyima raha: kumtenga mtu. Aliyetengwa hasalimiwi, hachoti maji kisimani, hapewi moto, hasagiwi mahindi mashineni, na akifiwa anazika peke yake. Anayemsaidia naye anatengwa. Kiangazi kimoja walimtenga Masanja kwa sababu mwano ulipigwa naye hakutoka. Alikuwa na sababu yake: mara ya mwisho alipotoka, alishuhudia kijana akipigwa mpaka akavunjika mkono, kisha ng'ombe wakakutwa bondeni wanajilia majani. Mkutano haukumpa nafasi ya kuyasema hayo. Walipiga kura ya mikono, na mikono yote ikawa juu.

Kesho yake mkewe, Mama Kulwa, alikuja ofisini na ndoo tupu. Watoto wake walikuwa na kiu. Nilikwenda kwa mtemi, nikamweleza kwamba hakuna sheria inayoruhusu kumnyima mtu maji. Alinisikiliza kwa adabu zote.

"Mayu," akasema, maana ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama, "watu wote wamekubali. Serikali si ndiyo watu?"

Polisi walikuwa mbali, na kiu haisubiri gari. Nikachukua ndoo ya Mama Kulwa, nikaenda nayo kisimani. Wanawake walinipisha, nikachota, nikajitwika hadi kwa Masanja. Jioni hiyo nikatengwa na mimi.

Chekeni tu, lakini ndiyo hivyo, serikali ilitengwa. Ofisi niliifungua kila asubuhi kama nilivyoagizwa, nikakaa na inzi wangu. Jirani niliyezoea kula naye alipita akitazama miguu yake. Kijiji kiliendelea vizuri tu bila mimi, na hilo liliniuma kuliko kunyimwa salamu.

Siku moja mchana akaingia mtemi. Mwanawe alikuwa amekamatwa na sungusungu wa kijiji cha pili kwa tuhuma za wizi wa ng'ombe, na mkutano wa kumhukumu ulikuwa jioni hiyo hiyo. Alikaa kwenye benchi.

"Kule hawatamsikiliza," akasema. "Wameshakubaliana wote."

Ulimi uliniwasha kumrudishia maneno yake. Machozi yake yakanizuia. Tulipanda bodaboda, nikasimama mbele ya mkutano ule nikaomba jambo moja tu: kijana aseme, kisha apelekwe polisi akiwa mzima. Walinuna, lakini walikubali. Yaliyofuata yalikuwa ya mahakama.

Tuliporudi, mtemi alikwenda kwa Masanja mchana kweupe, akaomba kaa la moto, akaenda kuwashia jiko lake. Kwao, ukichukua moto kwa mtu umemrudisha kundini. Kwangu aliazima kiberiti.

Sasa nimestaafu, niko Mpanda mjini. Umeme ukikatika wajukuu huniuliza serikali ni ya kazi gani. Nawaambia watu wakielewana wanajiweza kwa mengi. Serikali inahitajika zaidi na yule ambaye mikono yote imeinuka dhidi yake, na uzuri wake unapimwa hapo. Nimeziona pia ofisi zinazomtenga mtu kwa kumwambia njoo kesho, njoo kesho. Hizo sizitetei.

Mkutano wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, walitaka kumtenga kijana aliyehamia kutoka Katumba, eti alikataa kazi ya daraja. Mwenyewe alisimama aeleze, wakamzomea. Mikono ikaanza kuinuka, na wa Masanja ukiwemo. Uliniuma mkono ule. Nilikuwa najikongoja kusimama, Mama Kulwa akanitangulia. Alitoka kwenye mkeka wa wanawake, akaenda kwake hapo jirani, akarudi na ndoo, akatupita sote kushika njia ya kisimani.

Masanja akashusha mkono. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, na kijana akaambiwa aeleze. Mimi nikarudi kukaa, nalia kwa furaha. Kama yule mzee wa Kapalamsenga angekuwepo aniulize tena nilikuja kufanya nini, ningemwonyesha mgongo wa mama yule njiani.