Bwawa la Uani

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi cherehani. Tangu mama mkwe apooze upande mmoja, cherehani imehamia chumbani kwa mgonjwa, na wifi naye pamoja nayo. Ndugu zake wana miji yao. Yeye hana mume, basi ikaonekana hana shughuli. Hao ndugu huja Jumapili na maji ya matunda na ushauri, wanakula, wanaaga.

Alichobakiwa nacho ni kile kipande cha alasiri mama anapolala. Huvaa kandambili zake akaenda kwenye shimo la zamani la wachoma matofali, lililojaa maji, kutazama kereng'ende. Siku moja nikamfuata, nijue kama kuna mwanamume. Wapi! Alinionyesha wale wakubwa, wanavyofukuzana kama mwenye nyumba na mpangaji, na wale wembamba wa buluu wanaokunja mbawa wakitua. Dume lilimkamata jike shingoni, wakaruka wameungana, jike likichovya mkia majini kutaga. Wifi akacheka mpaka machozi. Nyumbani sijawahi kumwona akicheka hivyo.

Kisha mama akaamka mapema, akaita, majirani wakasikia. Kikao hicho! Kaka mkubwa akauliza mtu mzima anaachaje mgonjwa kwa ajili ya wadudu. Nikasema tutafute msaidizi; nikaambiwa mimi ni wa kuja, ninyamaze. Mume wangu, fundi bomba, roho nzuri, akili sijui, ndiye aliyeleta wazo: kama dada anapenda kereng'ende, tumchimbie bwawa lake uani, chini ya dirisha la mama. Wakachimba wenyewe, wakatandika turubai, wakajaza maji, wakapanda matete, wakaweka na kiti. Nilikasirika. Lakini walifanya kwa mapenzi, utawagombezaje?

Na kereng'ende, wasaliti wakubwa, wakaja. Jumapili mume wangu akampiga wifi picha kitini.

"Sasa huna haja ya kutoka tena," kaka mkubwa akamwambia.

Wifi akashukuru mbele ya watu wote. Walipoingia ndani kula, akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, nikilifukia, watasema nina wazimu?"

Nikamwambia watasema. Mama akaita dirishani, na wifi akanyanyuka, akaenda.