Sufuria Niliyojificha Nayo Jikoni kwa Mama Mkwe

Nianze na aibu yenyewe tumalizane nayo. Mimi, mwanaume mzima mwenye mke na watoto wawili, nilikamatwa nimechuchumaa nyuma ya magunia ya mpunga jikoni kwa mama mkwe wangu, kule Tindiga, nimekumbatia sufuria kama nabembeleza mtoto. Kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe. Hata mkikutana njiani, mmoja anatoka pembeni na mwingine anaangalia majani. Mimi nilikuwa ndani kabisa, saa nane mchana, shati zima masizi.

Sufuria yenyewe nilitengeneza mimi. Ndiyo kazi yangu, pale Mabwerebwere. Tunakusanya vyuma chakavu vya aluminiamu, vingi vinatoka Mikumi kwenye malori yaliyopinduka barabara kuu. Tunayeyusha pistoni, rejeta, chochote kinachoyeyuka, tunamwaga kwenye umbo la udongo, inatoka sufuria. Shule niliishia kidato cha pili; kemia tuliachana mapema bila ugomvi. Nilipooa sikuwa na kitu cha maana cha kumpelekea mama mkwe, nikamtengenezea sufuria nzito ya kwake peke yake. Miaka tisa ameitumia kupikia kambale wa ukwaju, na mchuzi ukibaki unalala humohumo mpaka asubuhi.

Halafu miguu ikaanza kumvimba. Tukampeleka hospitali Kilosa. Mke wangu akaingia naye, mimi nikabaki nje kwenye benchi. Akatoka nesi mmoja.

"Wewe ndiye mkwe? Figo za mama zimechoka. Nyumbani anapikia sufuria gani?"

"Hizi za kuyeyusha, dada."

Akakaa kabisa. Akanieleza kwamba aluminiamu kidogo tunaila wote, na mtu mwenye figo nzima anaitoa sehemu kubwa kwenye mkojo. Figo zikichoka inaweza kubaki mwilini. Vitu vichachu kama ukwaju na nyanya vinaivuta zaidi kutoka kwenye sufuria. Na hizi za vyuma chakavu hakuna anayejua zimechanganyika na nini, hata madini ya risasi yanaweza kuwemo. Nikamuuliza kama sufuria ndiyo imemuumiza.

"Siwezi kukwambia hivyo, na atakayekwambia ana uhakika anakudanganya. Ila kwa hali yake, aache. Na vile vidonge vya kutafuna vya kiungulia aache pia, vingine vina aluminiamu hiyohiyo. Hizo sufuria ananunua wapi?"

"Sijui, dada. Sokoni huko."

Nikasema hivyo huku mikono ina makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Nikaikalia.

Habari ya vidonge niliifikisha nyumbani siku ileile. Ya sufuria sikuifikisha. Nikisema, nimejitangaza kwamba zawadi yangu huenda inammaliza mama wa mke wangu. Nikinyamaza, anaendelea kupika. Nikatafuta kwenye simu kitu cha kunifariji, nikakuta aluminiamu ipo hadi kwenye dawa ya kupaka kwapani. Nikaacha kupaka. Kazini wakaanza kunisogelea kwa tahadhari.

Miezi mitano nikaishi hivyo. Mwisho nikanunua sufuria ya stili, nikangoja siku ya gulio, mama mkwe akiwa hayupo, nikapanda baiskeli. Mpango ulikuwa kuingia, kubadilisha, kutoka. Mvua ikavunja gulio. Nikasikia sauti uani, yeye na jirani yake, na lile jiko lina mlango mmoja tu. Nikazama nyuma ya magunia, ile ya zamani kifuani, mpya miguuni.

Wakawasha moto.

"Shoga, sufuria yangu siioni."

"Ile ya mkwe?"

"Hiyohiyo. Mabinti zangu wote wameolewa, aliyelikumbuka jiko langu ni yule mchekeshaji peke yake."

Nilitamani ardhi inimeze pamoja na sufuria. Moshi ukanifuata kule nyuma kama umetumwa. Nikakohoa.

"Mwizi! Mwizi jamani!" Jirani alishanyanyua mwiko.

"Shikamoo mama," nikasema, nikiwa bado nimechuchumaa.

Mama mkwe akajifunika khanga uso mzima, akageukia ukuta. "Marahaba," akauambia ukuta. Halafu: "Jirani, muulize mkwe wangu anatafuta nini jikoni kwangu."

Jirani, ambaye magoti yake yalikuwa karibu na pua yangu, akaniambia, "Mkwe, unaulizwa unatafuta nini."

"Mwambie mama nimefuata sufuria."

"Anasema amefuata..."

"Nimesikia. Muulize kwa nini kwa kuiba."

Nikaeleza yote, maneno ya nesi moja baada ya jingine, na uongo wangu wa sokoni. Sikuweza hata kuchomekea utani. Jirani akaacha kurudia, akasimama tu na mwiko wake.

"Mwambie," mama mkwe akasema, "hospitali waliniambia niache chumvi, nikaacha. Vidonge vya kiungulia, nikaacha. Na sufuria ningeacha. Aliyejua ni yeye. Miezi mitano, kila jioni, yeye anajua."

Jirani hakunifikishia hilo. Halikuhitaji mjumbe.

"Hiyo mpya aiache. Ya zamani aondoke nayo."

Mpaka leo miguu inavimba, inapungua, inavimba tena. Anapikia stili, na analalamika inaunguza mchuzi.

Siku ile nilirudi Mabwerebwere na ile sufuria imefungwa nyuma ya baiskeli. Rafiki yangu ninayefanya naye kazi nikamsimulia, akacheka mpaka akakaa chini, akaniomba nirudie pale pa kukohoa. Tanuri lilikuwa limeshika moto vizuri. Nikaichukua sufuria nikasogea, nikitaka iyeyuke niisahau. Akanishika mkono. Alikuwa ameacha kucheka.

"Ngoja kwanza," akasema. "Ukiitupa humo, kesho inatoka sufuria ya mama mkwe wa nani?"