Boma la Zahanati Halikuwa Kwenye Orodha

Nilianza kazi Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, wiki mbili baada ya kumaliza kidato cha nne. Mtendaji wa kijiji chetu, huku Hanang, alitaka mtu wa kujitolea ofisini mwenye mwandiko mzuri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanipa daftari kubwa.

"Kazi yako ni kuandika. Kuongea tuachie sisi."

Nilifurahi, maana mbele za watu huwa sisemi.

Ninyi mlio bado shuleni, labda mnadhani kama mimi kwamba bajeti ya halmashauri inatungwa wilayani. Inaanzia kijijini. Mkutano mkuu unataja vipaumbele, muhtasari unapelekwa kata, kisha wilayani. Wananchi wakiinua boma, yaani kuta bila paa, hadi kwenye lenta, mkanda wa zege juu ya madirisha, wanaomba halmashauri ipaue.

Boma letu la zahanati lilifika lenta nikiwa darasa la saba. Mbona halijapauliwa? Niliona aibu kuuliza, nikafungua mafaili. Mwaka wa kwanza watu waliomba barabara. Uliofuata, maji. Halafu madawati, halafu barabara tena. Zahanati haikutajwa hata mara moja. Kila mtu alidhani tayari imo kwenye orodha, kumbe orodha huandikwa upya kila mwaka.

Nina miaka kumi na saba, na mkutanoni anayependekeza awe ametimiza kumi na nane. Nikamwambia Shangazi, aliyekuwa mjamzito wa miezi saba na kliniki yake ni kupanda basi hadi Haydom.

Siku ya mkutano alisimama akaitaja zahanati. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba hiyo ipo, akae asijichoshe. Hakukaa.

"Mwenyekiti, muulize huyo anayeshika mafaili."

Wote wakanigeukia. Mtendaji akanipa ishara kwa kichwa niseme.

"Haipo," nikasema. "Miaka minne haipo."

Mzee mmoja akasema, "Kumbe tumewajengea mbuzi."

Walicheka, lakini mikono iliponyooshwa, zahanati ikawa ya kwanza.

Tukifunga ofisi Mtendaji akaniambia, "Kuingia kwenye orodha si kupata bati, mwanangu. Mwakani itajwe tena." Ndiyo maana nawaandikia, kwa sababu mwakani huenda nisiwepo.

Kesho yake asubuhi nilipeleka muhtasari kata, nikasubiri mpaka ukagongwa mhuri. Kurudi nikapitia kwenye boma. Mbuzi walikuwa wamelala ndani. Nikawatoa, nikaziba mlango kwa miiba.