Mtihani wa Uaminifu Juu ya Majora ya Vitenge

Jamani, nilikuwa nimechoka! Kutwa nauza vitenge Kariakoo, na chuo nasoma hapohapo dukani, kwa simu, nimeketi juu ya majora. Kabla ya kusajiliwa muhula mpya, kila mwanafunzi sharti afaulu kozi ya mtandaoni ya dhamira na maadili ya chuo. Bwana mmoja mwenye tai anakuhubiria uaminifu na utu kwenye video, halafu mtihani, na saa inahesabu. Nilishafeli mara mbili, maana wateja hawasubiri. Nafasi ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Nimefika swali la nne, mteja wa jumla huyo, anataka mzigo ulioko stoo, mtaa wa Gerezani, sasa hivi. Nikamgeukia mzee wa duka la jirani, muuza vifungo na nyuzi.

"Mzee, nishikie!" Simu nikaiacha juu ya majora, nikatoka mbio.

Ndivyo tulivyoishi miaka yote. Yeye akienda kuswali adhuhuri, analaza kigoda mlangoni, ananiambia "nishikie", basi. Mchana sijawahi kuona kufuli pale.

Niliporudi, jasho tupu, simu yangu ilikuwa mkononi mwake.

"Saa yako ilikuwa inaisha, mwanangu, nikakumalizia. Maswali yenyewe ya watoto wa madrasa! Ukiokota kalamu ya mwenzio utafanyaje? Ebo!"

Nilicheka mpaka machozi. Kisha akanionyesha chini kabisa: *Nathibitisha kuwa kazi hii nimeifanya mwenyewe. Ndiyo. Hapana.*

"Hapo sikugusa," akasema. "Hicho kiapo. Waambie tu jirani kakushikia."

"Watanifelisha, mzee."

Nikafikiria muhula mzima unavyopotea, nikafikiria kuanza upya na huu mwili uliochoka. Nikabonyeza Ndiyo, yeye kasimama palepale.

"Haya," akasema, akarudi kwenye vifungo vyake.

Cheti kilikuja papo hapo, na pongezi kwa kuyaishi maadili ya chuo. Niliona aibu, sitaki kudanganya, lakini usingizi ulizidi aibu.

Kesho yake ilipoadhiniwa adhuhuri, nilikaa tayari nikisubiri aniite. Nikasikia mlango unavutwa. Akafunga kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha, akapita mbele ya duka langu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu, na hakusimama.